Giza la Makusudi: Kupima Hatari ya Moto Kabla ya Kuzima Umeme

Msemaji wa Kiswahili anaposikia kwamba umeme umekatika hufikiria sababu mbili: ama mtambo au waya umeharibika, ama umeme wenyewe hautoshi na mgao umeanza, yaani maeneo yanazimwa kwa zamu ili kidogo kilichopo kiwazungukie wote. Sura hii inahusu sababu ya tatu, ambayo kwa mtu aliyezoea mgao inaweza kuonekana kama mzaha hadi aelezwe chanzo chake. Umeme upo wa kutosha, mitambo ni mizima na bili zimelipwa, lakini kampuni inaamua kuwazimia wateja wake, wakati mwingine mamia ya maelfu kwa pamoja, kwa kuwa upepo mkali na mkavu unatarajiwa kuvuma kesho yake, na nyaya zinazopita juu ya vichaka zinaweza kuwasha moto ambao hakuna kikosi cha zimamoto kitakachoweza kuuzuia. Katika jimbo la California nchini Marekani utaratibu huu huitwa uzimaji wa umeme kwa usalama wa umma, na kila unapotekelezwa huwa umetanguliwa na hesabu ndefu ambayo wengi wa wanaobaki gizani hawapati kuiona.

Ni vyema kuanza na swali la kwa nini nyaya, miongoni mwa vyanzo vyote vya moto, zistahili hesabu ya peke yake. Kwa mujibu wa Tume ya Huduma za Umma ya California, ambayo ndiyo msimamizi wa makampuni ya umeme ya jimbo hilo, miundombinu ya umeme huanzisha chini ya asilimia 10 ya mioto yote ya nyika, ilhali katika orodha ya mioto iliyoteketeza majengo mengi zaidi sehemu yake ni karibu nusu. Tofauti hiyo haitokani na cheche ya waya kuwa kali kuliko njiti ya kiberiti. Moto wa sigara au wa wapiga kambi unaweza kuanza siku yoyote, ikiwemo siku tulivu ambayo watu wachache wenye majembe wataumaliza, lakini moto wa nyaya huichagua siku yake, kwa sababu nguvu inayoangusha tawi juu ya waya, inayogonganisha nyaya mbili hadi zidondoshe matone ya alumini iliyoyeyuka, au inayovunja nguzo iliyooza chini, ndiyo hiyohiyo itakayousukuma moto huo kilomita nyingi kabla ya jua kuzama. Anayetaka kupima hatari ya nyaya hana budi kwanza kuupima upepo.

California ina pepo mbili zenye sifa hiyo: ule wa kusini huitwa Santa Ana, na ule wa kaskazini, unaovuma kuelekea ghuba ya San Francisco, huitwa Diablo, neno la Kihispania lenye maana ya shetani. Mwenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki, anayejua kaskazi na kusi kama pepo za majira zinazosukuma majahazi, itambidi ageuze mwelekeo wa mawazo yake, kwa kuwa pepo hizi za California hutoka bara na kushuka kuelekea baharini. Hewa nzito iliyokusanyika juu ya nyanda za Nevada na Utah huporomoka kupitia mabonde na mapengo ya milima, na kila inaposhuka mita 1,000 hugandamizwa na kupata joto la takriban nyuzi 10 za Selsiasi. Hewa inayopata joto bila kuongezewa maji huwa na kiu, kwa maana kwamba unyevu wake wa ulinganisho, yaani kiasi cha mvuke iliyonao ukilinganishwa na kiasi ambacho ingeweza kubeba katika joto hilo, huporomoka hadi wakati mwingine chini ya asilimia 10. Msimu wa pepo hizo hushika kasi mwezi Oktoba, baada ya kiangazi ambacho sehemu kubwa ya jimbo hupita miezi mitano au sita bila mvua ya maana, kwa hiyo upepo mkavu kuliko yote huifikia nchi ikiwa imekauka kuliko wakati wowote.

Kinachopimwa baada ya upepo ni kila kinachoweza kuungua porini, kuanzia unyasi hadi gogo, ambacho katika sura hii kitaitwa kuni kama kinavyoitwa na kila mtu anayepika kwa moto wa mafiga. Tofauti kati ya kuni mbichi na kuni kavu ambayo mpishi huijua kwa mkono, wanasayansi huigeuza kuwa tarakimu. Kuni zilizokufa hupangwa kwa muda zinaochukua kupoteza karibu theluthi mbili ya tofauti iliyopo kati ya unyevu wake na unyevu ambao hewa inazidai: nyasi na vijiti visivyofikia unene wa milimita 6 ni kuni za saa 1, vijiti vya hadi sentimita 2.5 ni kuni za saa 10, matawi ya hadi sentimita 7 au 8 ni ya saa 100, na magogo ya hadi sentimita 20 ni ya saa 1,000. Maana yake ni kwamba upepo mkavu wa mchana mmoja unatosha kuzigeuza nyasi kuwa baruti, ilhali gogo husimulia habari ya miezi miwili iliyopita, na siku ya kutisha kweli ni ile ambayo madaraja yote manne yamekauka kwa pamoja.

Kuni hai zina tabia nyingine, kwa kuwa mmea ulio hai hunywa kwa mizizi na hautii amri ya hewa peke yake. Katika vichaka vya California mmea unaotumika sana kama kielelezo ni chamise, kichaka chenye majani mafupi kama sindano na mafuta yanayowaka kwa urahisi. Wapimaji hukata vitawi vyake, huvipima kwa mizani, huvikausha kwenye tanuri kwa muda wa kama siku nzima na kuvipima tena, kisha uzito wa maji yaliyopotea hugawanywa kwa uzito wa mmea mkavu. Kwa kuwa mgawanyo ni kwa uzito mkavu, jibu linaweza kuzidi asilimia 100 wakati wa majira ya kuchipua, na linaposhuka hadi karibu asilimia 60 mmea huo huhesabiwa kuwa tayari kuungua karibu kama uliokufa. Inafaa kukumbuka, katikati ya kompyuta zote zitakazotajwa baadaye, kwamba moja ya tarakimu zinazoamua kama mji utalala gizani hutokana na mkasi, mizani na tanuri.

Jinsi vipimo hivyo vilivyounganishwa kuwa uamuzi ni historia iliyoanzia San Diego. Mnamo Oktoba 2007 upepo wa Santa Ana ulizifanya nyaya za kampuni ya San Diego Gas & Electric ziwashe mioto kadhaa, mkubwa kati yake ukiwa ule wa Witch Creek ambao, baada ya kuungana na mwingine, uliteketeza karibu hekta 80,000 na nyumba zaidi ya 1,000. Mwishoni mwa 2008 kampuni hiyo iliiomba Tume ruhusa ya kuzima umeme kabla ya pepo za namna hiyo, na mwaka 2009 ikakataliwa. Waliopinga hawakuwa watu wasioujua moto. Miongoni mwao zilikuwemo mamlaka za maji, ambazo zilikumbusha kwamba pampu zinazojaza matangi ya kuzimia moto huendeshwa kwa umeme, pamoja na watetezi wa watu wenye ulemavu na wa shule, na Tume ilihitimisha kwamba kampuni haikuwa imethibitisha kuwa faida ya kuzima ingezidi madhara yake. Mwaka 2012 Tume ilikubali kwamba sheria iliyopo inaipa kampuni hiyo mamlaka ya kuzima pale usalama unapodai, na mnamo Julai 2018 kanuni zilizotokana na uamuzi huo zikapanuliwa kwa makampuni yote makubwa ya umeme yaliyo chini ya usimamizi wake. Swali la mwaka 2009, la kama faida inazidi madhara, halikujibiwa siku ile, na kwa maoni ya mwandishi wa sura hii halijajibiwa kikamilifu hadi leo.

San Diego Gas & Electric ilichofanya katika miaka hiyo ni kujenga macho. Ilisimika vituo vya hali ya hewa juu ya nguzo zake zenyewe, ambavyo idadi yake ilikuja kuzidi 200, ili upepo upimwe pale waya ulipo badala ya kwenye uwanja wa ndege ulio tambarare na mbali, na ikashirikiana na Idara ya Misitu ya Marekani na Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles kutengeneza kielezo cha tishio la moto wa Santa Ana, kilichoanza kutolewa kwa umma mwaka 2014. Kielezo ni tarakimu moja inayobeba tarakimu nyingi ndani yake, na hiki kimejengwa kwa kuzidisha: kasi ya upepo huzidishwa kwa yenyewe, jibu huzidishwa kwa tofauti iliyopo kati ya joto la hewa na joto ambalo umande ungeanza kutunga, na kisha huzidishwa kwa kipimo cha kuni kinachojumlisha ukavu wa kuni mfu, ubichi wa kuni hai na hali ya nyasi za mwaka. Kuzidisha huku kuna maana mbili ambazo kujumlisha kusingekuwa nazo. Kwanza, upepo ukiongezeka maradufu, tishio huongezeka mara nne. Pili, kimoja kikiwa sifuri vyote huwa sifuri, kwa maana kwamba tufani inayovuma juu ya kuni zilizolowa, au ukame mkali katika siku isiyo na upepo, haitoi moto mkubwa wa aina hii. Watengenezaji walikipima kielezo hicho dhidi ya kumbukumbu za hali ya hewa na za moto za zaidi ya miongo miwili iliyopita, na madaraja yake, kuanzia tishio dogo hadi la kupindukia, yana uzito kwa sababu yametokana na siku ambazo tayari zilitokea.

Kielezo cha aina hiyo, hata kiwe kizuri namna gani, kinaeleza hatari ya nchi tu. Hatari ya nyaya ni jambo jingine, na hapo ndipo kampuni ya umeme hutengana na mtabiri wa hali ya hewa. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hutoa onyo la bendera nyekundu kwa eneo zima, na onyo hilo linamtosha mzimamoto anayetaka kujua wapi aegeshe magari yake, lakini haliwezi kumwambia mhandisi ni njia ipi kati ya njia zake mamia izimwe. Mhandisi anahitaji kujua uwezekano wa kitu fulani kuharibika katika njia fulani kwa kasi fulani ya upepo, na uwezekano huo hutofautiana kupita kiasi, kwa kuwa upepo wa kilomita 70 kwa saa ambao hauigusi njia inayopita kwenye uwanda wa nyasi unaweza kuangusha msonobari juu ya njia iliyochongwa kati ya miti mirefu. Kampuni ya Pacific Gas and Electric, inayohudumia kaskazini na katikati ya California, hujibu swali hilo kwa kurudi nyuma: kila kukatika kwa umeme kulikosababishwa na upepo katika miaka iliyopita hulinganishwa na upepo uliokuwepo saa ile mahali pale, hadi kila kipande cha mtandao kipate mchirizo wake unaoonyesha jinsi uharibifu unavyoongezeka kadiri upepo unavyokaza. Hali ya hewa yenyewe hutabiriwa kwa viraba vya kilomita 2 kwa 2, saa kwa saa, na katika kila kiraba uwezekano wa uharibifu huzidishwa kwa uwezekano kwamba moto ukianza pale utakuwa mkubwa mno.

Bado kuna swali la nini kitaungua. Kompyuta huwasha mioto ya kuigiza kando ya nyaya, mamilioni kwa siku moja, kila mmoja ukiachwa uende kwa saa chache kufuata upepo uliotabiriwa, mteremko wa ardhi na aina ya kuni, kisha huhesabiwa ni majengo mangapi na watu wangapi waliopo njiani. Mteremko una uzito usiotarajiwa na mtu wa nchi tambarare, kwa kuwa moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoushuka, miali ikiegemea na kuzikausha kuni zilizo juu yake kabla ya kuzifikia. Kwa njia hiyo cheche mbili zenye uwezekano sawa zinaweza kupewa uzito tofauti kabisa, moja ikiishia kwenye bonde la mawe na nyingine kwenye mji wenye barabara chache za kutokea.

Mji wa namna hiyo ulikuwepo, ukiitwa Paradise, yaani peponi, na ndio unaofanya hesabu yote hii isomwe kwa tahadhari. Mnamo tarehe 6 Novemba 2018 Pacific Gas and Electric iliwaarifu wateja wapatao 70,000 katika kaunti 9, ikiwemo Butte yenye mji huo, kwamba huenda ingewazimia umeme tarehe 8 kwa ajili ya upepo. Alfajiri ya tarehe 8 moto ulianza karibu na korongo la mto Feather, ukauteketeza mji wa Paradise ndani ya saa chache, na mwishowe ukawa umeua watu 85, kuharibu majengo zaidi ya 18,000 na kuunguza karibu hekta 62,000. Alasiri ya siku hiyohiyo, mji ukiwa unaungua, kampuni ilitangaza kwamba haitazima umeme kwa kuwa vigezo vyake havikutimia. Lililo zito zaidi ni kwamba hata kama vingetimia, njia iliyowasha moto isingezimwa. Vigezo vya mwaka ule vilihusu njia za msongo wa kilovoti 70 kwenda chini, na chanzo cha moto kilikuwa njia ya kusafirisha umeme ya kilovoti 115, iitwayo Caribou–Palermo, ambayo ndoano yake ya chuma, iliyoning'inia kwenye mnara kwa karibu miaka 100, ililika polepole hadi ikakatika na kuuachia waya uguse chuma cha mnara. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia.

Kutoitazama hatari ya njia kubwa hakukuwa uzembe mtupu, na ni haki kulieleza hilo. Minara mirefu ya chuma iko mbali na matawi, na kumbukumbu zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya cheche hutoka kwenye njia ndogo za usambazaji zilizo juu ya nguzo za miti. Aidha, kuzima njia moja ya usafirishaji kunaweza kuitia gizani miji iliyo mbali kabisa na upepo. Modeli iliyofunzwa na historia hujua tu yale yaliyotokea mara nyingi kiasi cha kuhesabika, na ndoano inayolika kwa karne moja hutokea kwenye hesabu mara moja, siku inapokatika. Mwaka uliofuata vigezo vilipanuliwa kujumuisha njia za msongo wowote, na bado tarehe 23 Oktoba 2019, katika kaunti ya Sonoma, kampuni ilizima njia ndogo za eneo moja na kuiacha ikiwaka njia ya kilovoti 230 iliyopita hapohapo, kwa kuwa utabiri haukufikia kizingiti kilichowekwa kwa njia za aina hiyo. Waya mfupi wa kuunganishia ulikatika usiku huo mnarani, na moto wa Kincade ukaunguza hekta zaidi ya 31,000 na kuwalazimisha watu zaidi ya 180,000 kuhama. Hakuna aliyekufa.

Kizingiti ndilo neno lenye uzito katika habari hii. Kwa maana ya kiufundi ni kiwango ambacho kikivukwa hatua huchukuliwa, na mbele ya umma makampuni huyataja masharti yake kwa maneno mepesi: unyevu wa hewa wa asilimia 30 au chini, upepo wa kudumu unaozidi kilomita 30 hivi kwa saa pamoja na dharuba zinazofikia 50 au 60, kuni zilizokauka, na onyo la bendera nyekundu. Ndani ya kampuni kizingiti ni tarakimu iliyochaguliwa kwa kujaribu: wahandisi huipitisha modeli juu ya miaka mingi iliyopita na kuuliza, kama kizingiti kingekuwa hapa, ni mioto ipi ya maangamizi tungeizuia, na ni mara ngapi tungewazimia watu bure. Kishushe, na mioto mingi zaidi inazuiwa lakini watu hukaa gizani mara kwa mara, kipandishe, na giza linapungua huku moto mmojawapo ukipenya. Hakuna mahali katika kukishusha na kukipandisha huko ambapo hesabu yenyewe inasema basi. Anayesema basi ni mtu, na kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mwajiriwa wa kampuni inayolipa fidia moto ukiwaka, lakini isiyolipa fidia yoyote ya kulingana giza likiingia.

Matokeo yake yalionekana Oktoba 2019. Pacific Gas and Electric, iliyokuwa tayari imejiweka chini ya ulinzi wa sheria ya ufilisi tangu Januari kwa sababu ya madeni ya moto, ilizima umeme tarehe 9 Oktoba kwa wateja zaidi ya 700,000, mteja hapa akiwa mita moja, kwa hiyo idadi ya watu ilipita milioni 2. Mwishoni mwa mwezi huohuo ilizima tena, safari hii kwa mita zaidi ya 900,000. Tovuti ambayo watu walitakiwa kuitumia kujua kama wamo ililemewa na kuanguka. Katika kaunti ya Marin zaidi ya nusu ya minara ya simu ilinyamaza, jambo lenye kejeli chungu katika wiki ambayo amri za kuhama zilikuwa zikitumwa kwa simu. Michael Wara wa Chuo Kikuu cha Stanford alikadiria kwamba uzimaji wa tarehe 9 ungeweza kuugharimu uchumi wa jimbo hadi dola bilioni 2.5, na inapasa kuongeza kwamba makadirio ya aina hiyo hutegemea kikokotoo kilichotengenezwa kwa ajili ya kukatika kwa umeme kwa saa chache, si siku kadhaa.

Upande huu wa mizani ndio ambao sayansi imeuendea polepole. Moto hujipima wenyewe, kwa kuwa huacha majivu, ramani na orodha ya majina, ilhali giza huua kwa kujificha. Mnamo Agosti 2003 umeme ulipokatika kaskazini mashariki mwa Marekani, vifo vilivyohusishwa nao moja kwa moja mjini New York vilikuwa vichache sana, lakini utafiti wa G. Brooke Anderson na Michelle Bell, uliochapishwa mwaka 2012, ulilinganisha vifo vyote vya siku zile na vya siku za kawaida na kukuta ziada ya watu wapatao 90, wengi wao wakiwa wamekufa kwa maradhi ambayo cheti cha kifo kisingeyahusisha na umeme. Makampuni ya California hutumia matukio ya namna hiyo kukadiria ni dakika ngapi za mteja bila umeme zinalingana na kifo kimoja, ili moto na giza vipimwe kwa kizio kimoja. Jitihada hiyo ni ya lazima, kwa kuwa bila kizio kimoja hakuna ulinganisho, lakini inatembea juu ya barafu nyembamba: wastani wa dakika hauwezi kumtofautisha mwenye nyumba ambaye barafu ya friji yake imeyeyuka na jirani yake anayepumua kwa mashine ya oksijeni, na wala hauoni kwamba familia iliyozimiwa huwasha jenereta kibarazani, ambayo nayo hutoa moshi wa sumu na wakati mwingine moto. Kwenye mioto ya California ya Oktoba 2017 iligundulika kwamba baadhi ya watu hawakuweza kufungua milango ya gereji zao kwa kuwa ilitegemea umeme, na tangu Julai 2019 sheria ya jimbo inataka kila kifaa kipya cha kufungulia milango hiyo kiwe na betri ya akiba. Huo ni mfano wa hatari ya giza iliyopimwa ikapata dawa, na mifano yake si mingi.

Njia iliyoleta nafuu zaidi haikuwa kukibadilisha kizingiti, ila kukipunguza kipande kinachozimwa. Mwaka 2019 swichi zilikuwa mbali mbali kiasi kwamba kilomita chache za waya uliopita korongoni zilivuta gizani mji mzima ulioko bondeni, hivyo kuongezwa kwa swichi zinazoendeshwa kutoka mbali, nyaya zilizovikwa ganda na vituo vingi zaidi vya hali ya hewa kuliwezesha hesabu ileile ya hatari kuwagusa watu wachache zaidi. Jimbo la Victoria nchini Australia lilifuata mkondo mwingine baada ya siku moja ya Februari 2009, ambapo waya uliokatika Kilmore East uliwasha moto ulioua watu 119 kati ya 173 waliokufa siku ile: huko mkazo uliwekwa kwenye vifaa vinavyopunguza mkondo wa umeme mara tu waya mmoja unapogusa ardhi, ili usiwe na nguvu ya kuwasha majani.

Umeme ukishazimwa na upepo ukatulia, hauwezi kurudishwa kwa kubonyeza kitufe. Lahaina, katika kisiwa cha Maui huko Hawaii, imeonyesha sababu yake: tarehe 8 Agosti 2023 nyaya zilizokatwa na upepo zilipitishiwa umeme tena zikawasha moto wa asubuhi, ambao ulidhaniwa umezimwa na kisha ukafufuka alasiri na kuua watu 102. Kampuni ya umeme ya huko haikuwa wakati ule na mpango wa kuzima kwa tahadhari, na iliuanzisha Julai 2024. Huko California sheria ya kazi ni kwamba kila njia iliyozimwa ikaguliwe yote, kwa helikopta pale inapowezekana na kwa miguu pale miti inapoficha waya, na kwa kawaida mchana, ndiyo maana wakazi husubiri saa nyingi baada ya upepo kwisha. Baada ya uzimaji wa tarehe 9 Oktoba 2019 wakaguzi walikuta zaidi ya sehemu 100 zenye uharibifu au hatari, kama vile matawi yaliyolala juu ya nyaya na nguzo zilizoinama. Kila sehemu ya namna hiyo inaweza kurudishwa kwenye kompyuta, ikawashwa moto wa kuigiza kwa saa ambayo upepo ulikuwa mkali kuliko zote, na kuchorewa ramani ya nyumba ambazo hazikuungua. Ramani hizo hujumlishwa na kupelekwa kwa Tume kama ushahidi kwamba giza lilistahili, nazo huingia kwenye kumbukumbu zitakazotumika kuweka kizingiti cha msimu unaofuata, pamoja na mamia ya kilomita za waya ambazo mkaguzi alizipita chini yake, akaangalia juu, na kuandika kwamba hakukuta kitu.